Sproketi ya Maltais na Vigingi vya Baba

Sainte-Ursanne
Jumatatu, 28 Februari 1977

Mpendwa mdogo wangu Laurier,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini ukiwa mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kabla ya Krismasi kiwe kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri. Nyonga yake imeunga, ingawa daktari anamtania kwamba fimbo ile ndiyo mke wake wa pili sasa, na kila asubuhi anakaa kwenye kiti chake cha dirishani akihesabu magari yanayopita. Mimi pia ni mzima. Karakana ina kazi, jiko la kuni linawaka, na yale maharagwe makubwa tuliyoyakausha yanatosha supu mpaka Pasaka. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka sala ulipokuwa mdogo.

Barua yako ya Januari nilimsomea Baba mara mbili, kama kawaida yake. Unajua macho yake hayashiki tena herufi. Anasema mara ya kwanza anasikiliza habari na mara ya pili anamsikiliza mwanawe. Nilipofika pale ulipoandika tena kwamba bado unajuta, kwamba ardhi iliganda kabla hujawahi kupanda vigingi vyake, alitikisa kichwa akasema kijana asijitese bure, kwani nani anaiamuru ardhi? Maneno hayo hayo ameyasema kwa kinyozi, kwa Padri, na kwa kila mtu aliyethubutu kuuliza. Ukitajwa vibaya mbele yake, fimbo inagonga sakafu.

Huna haja ya kuelezwa habari ya vigingi, lakini nitakueleza, kwa sababu nina hasira na mtu mwenye hasira hurudia mambo. Kila mwenye trekta la kuondoa theluji hupanda vigingi virefu vya rangi yake kwenye nyua za wateja wake wakati udongo bado ni laini. Udongo ukishaganda nyundo haiingizi kitu, na yule ambaye vigingi vyake vimesimama ndiye mwenye ua ule mpaka theluji iyeyuke. Hakuna kubishana. Kwa miaka ishirini na sita nyua arobaini na tatu za kijiji hiki zilikuwa na vigingi vyekundu vya Rosaire Potvin, na watu walikuwa wakisema Baba akipita na trekta unaweza kutoka nyumbani kwa ndara. Alipoanguka kutoka paa la ghala mwezi wa tisa, mimi nilikwenda kukaa mjini kumuuguza, na wewe ulibaki. Kitandani pale hospitalini alikukabidhi kazi moja tu. Alikushika mkono akasema, Laurier, vigingi.

Tulirudi mwezi wa kumi na moja. Kutoka dirisha la gari la wagonjwa aliona vigingi vya kijani, ua baada ya ua, barabara nzima. Vyekundu vilikuwa bado ghalani, vimefungwa kamba vile vile nilivyoviacha baada ya kuvipaka rangi. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege kwenda kwenye ujenzi wa bwawa. Tulipofika mlangoni Baba akaniuliza kama kuna supu. Nikaenda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto, halafu nikaapa kwamba Ghislain Maltais, mwenye vile vya kijani, atanitambua.

Ndiyo, yeye. Maltais aliyefundishwa na Baba kushika usukani, aliyekula mezani kwetu majira mawili ya baridi, ambaye tangu siku ile hakukanyaga hapa hata kuulizia hali ya mgonjwa. Akipita na trekta lake alitazama upande wa pili wa barabara, kana kwamba kule kuna sinema. Mimi nilingoja. Unanijua, kwa kungoja sijambo.

Basi Jumatatu iliyopita theluji ilianza kuanguka, na haikuwa ya mchezo. Kufikia Jumanne asubuhi vigingi vilikuwa vimezama nusu, na barabara ya mjini ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nikisafisha tupa zangu niliposikia trekta likija kwa kusuasua, na nani anaingia karakanani akiwa na theluji mpaka kwenye nyusi kama si Maltais mwenyewe? Amenywea. Akavua kofia. Akasema, "Habari ya asubuhi, Bi Fabienne," mimi ambaye tangu utotoni ananiita Fafa.

Shida yake ilikuwa mashine ya kurusha theluji. Ile parafujo kubwa ya mbele, inayoikusanya theluji na kuisukuma kwenye feni, ilikuwa inazunguka na kusimama, inazunguka na kusimama. Theluji ikiwa nzito mnyororo unaruka kwa kelele kama mtu anayevunja sahani, na parafujo inalala. Nikafungua kifuniko cha ubavuni. Sproketi, lile gurudumu la meno linaloshikwa na mnyororo, ilikuwa imeliwa vibaya. Meno yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama ndoana. Mnyororo wenyewe ulikuwa umelegea na haujaonja mafuta tangu Krismasi.

Kisha nikaona bolti, nikacheka kwa sauti. Unajua sproketi ile inashikwa na bolti laini ambayo kazi yake ni kukatika: ukikutana na jiwe au gogo, inakatika yenyewe, unashuka, unaweka nyingine, mashine imesalimika. Yeye alichoka kushuka kwenye baridi, akaweka bolti ngumu ya chuma cha pua, hii ya kufungia injini. Kwa hiyo kila kipigo badala ya kuishia kwenye bolti kilikwenda kwenye meno. Nikamwambia, "Ghislain, Baba alikufundisha nini siku ya kwanza kabisa?" Akatazama viatu vyake. Akasema, bolti laini. Nikamwambia basi kumbe masikio anayo.

Akaniomba nimsaidie. Nyua arobaini na tatu zimefungwa, sproketi mpya haiwezi kufika kabla ya wiki nzima, na kijiji hiki chote mwenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kukereza na mtambo wa kuchomelea ni mimi peke yangu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikachoka kusikia; eti hakuna mikono kama yangu kuanzia hapa mpaka ziwani. Nikaing'oa sproketi, nikaigeuzageuza mwangani, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikamwambia kila jino lijazwe kwa kuchomelea, lipoe taratibu lisipasuke, lisuguliwe kwa tupa, ndipo niende jino linalofuata. Meno ishirini na manne. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia kaa hapo.

Akakaa, kwenye kreti karibu na jiko, siku tatu. Asubuhi anakuja kwa miguu, jioni anarudi kwa miguu, theluji magotini. Na simu yetu, unajua tunaichangia na nyumba sita, haikunyamaza. Kila aliyefungiwa alimtafuta Maltais, akaambiwa Maltais yuko kwa Potvin. Nilikuwa namwachia kipokezi ajibu mwenyewe. Mke wa mwenye duka alimuuliza kama anangojea theluji iyeyuke yenyewe mwezi wa tano. Mkuu wa shule alimwita mzembe. Jumatano ya Majivu watu kumi na mmoja tu walifika kanisani, na Padri alipiga simu kusema majivu yamebaki sahani nzima, je, Maltais angependa apakwe yote? Mimi nilikuwa nasugua jino langu la tano taratibu, nikipuliza vumbi.

Wengine waliniomba mimi niwashe trekta la Baba. Niliwajibu kwa adabu kwamba uani kwao kuna kigingi cha kijani, na sisi akina Potvin tunaheshimu vigingi. Usifikiri nilimwacha Bi Adélina, na uzee wake, ateseke. Kwake nilikwenda kwa viatu vya theluji, nikampelekea kuni na mkate. Akanishika mkono akaniambia, "Fabienne mwanangu, nasikia umemkalisha kwenye kreti. Mkalishe hapo hapo, na jiko ulipunguze moto."

Baba alijua Maltais yuko karakanani. Siku ya kwanza aliniambia nimpelekee kahawa, na mimi nikampelekea, ya jana. Jumatano aliniita dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama nimejaribu kuigeuza ile sproketi. Hapo ndipo nilipomdanganya baba yetu. Nilimwambia meno yameliwa pande zote mbili. Alinitazama muda mrefu na macho yake yale mabovu, kisha akasema watu wamefungiwa ndani, Fabienne, fanya haraka. Nikajibu ndiyo Baba, nikarudi kwenye tupa yangu.

Maana ukweli, Laurier, ni kwamba sproketi ile ilitaka nusu saa. Ni bamba bapa, limefungwa kwa bolti kwenye kitovu chake, na meno huliwa upande ule tu unaovuta. Ukilifungua, ukaligeuza la mbele likawa la nyuma, mnyororo unapata upande mzima ambao haujaguswa. Baba alitufundisha sote wawili, wewe na mimi, kwenye benchi lile lile, na wewe ulikuwa mwepesi kuliko mimi. Niliona hivyo Jumanne dakika ya kwanza. Nilitaka tu aone aibu, aisikie ikimpanda mpaka masikioni, kila saa ya mchana. Na si hilo tu. Bolti yake ngumu nilikuwa nimeipangusa na kuiweka pembeni, nikiwa na nia ya kuirudisha mahali pake, nikaze vizuri, nimtakie safari njema. Jiwe la kwanza kwenye ua wowote lingelivunja sanduku la gia lote, na majira yake ya baridi yangeishia hapo. Nakuambia bila kuficha. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo, na lilikuwa tamu.

Alhamisi kabla ya chakula cha mchana nikaamua kummaliza kwa maneno kwanza. Nikazima mtambo, nikamgeukia. Nikamwambia ningependa kujua tu jambo moja: alipokuwa anapiga nyundo vigingi vyake mbele ya nyumba zile, mkono haukumtetemeka hata kidogo? Mzee yuko hospitalini na nyonga imevunjika, na yeye anamwibia riziki kigingi kwa kigingi, hana haya wala soni. Mwizi wa kuku ana afadhali, maana yeye hukimbia.

Maltais akainuka kwenye kreti, uso mwekundu. Akasema, "Mimi si mwizi, Fafa. Niite mjinga, niite mwoga, hata mvivu ukipenda. Mwizi hapana. Mimi niliitwa." Nikamwambia aliitwa na nani, na Malaika Gabrieli? Akatoka nje bila kofia. Nilidhani amekimbia. Kumbe alikwenda kwenye trekta lake, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechafuka grisi, akaiweka juu ya jiliwa mbele yangu. Akasema aliibeba miezi yote hii, kwa sababu alijua siku moja nitamuuliza, na kwa sababu aliogopa nitamuuliza mbele ya mzee.

Laurier, mwandiko wako naujua. Ni mimi niliyekushika mkono ukijifunza kuandika L. Niliisoma nimesimama. Tarehe ishirini na nane Septemba, siku sita baada ya Baba kukushika mkono hospitalini. Umeandika kwamba mzee amekwisha, hatapanda tena trekta, na dada yako ni mkaidi lakini atazoea. Umeandika kwamba vigingi vyekundu hutavipanda, kwa hiyo Maltais apande vyake mapema, hakuna atakayembishia. Na mwishoni umeandika kwamba wewe, kwa upande wako, unangoja shemeji yake Maltais, yule msimamizi, alitie jina lako kwenye orodha ya wafanyakazi wa bwawa, kama mlivyozungumza. Umeweka na sahihi, na mstari chini yake.

Ardhi iliganda tarehe nne Novemba mwaka jana. Nimeuliza kwa mchimba makaburi, anaandika kila mwaka. Ulikuwa na wiki tano.

Sikupiga kelele. Maltais baadaye aliniambia kwamba angependa ningepiga kelele. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikachukua sproketi, nikaigeuza, nikaifunga kwenye kitovu. Nikatoa pingili mbili za mnyororo, nikaukaza, nikaumwagia mafuta. Yeye alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nilipomaliza akatazama saa ya ukutani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Nusu saa? Nimekaa kwenye kreti siku tatu kwa kazi ya nusu saa?" Nikamjibu kwamba Baba amekaa dirishani tangu Novemba.

Lakini bolti ngumu niliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, nikamwekea laini, na nyingine sita kwenye kopo. Si kwamba nilimsamehe. Ni kwamba hasira yangu ilikuwa imeshamwacha, imekwenda kwa mtu mwingine, na sikutaka kuipunguza kwa kumtupia yeye mabaki.

Malipo niliyotaka yalikuwa mawili. La kwanza ni karatasi ile ibaki kwangu. La pili lilikuwa gumu zaidi kwake. Nyua alizifungua zote ila moja Alhamisi na Ijumaa, alifanya kazi kama punda, sina la kumlaumu hapo. Jana Jumapili, watu walipotoka misani, nilikuwa namngoja kwenye ngazi za kanisa na shati kuukuu la Baba la flaneli nyekundu, nimelikata vipande. Kwa kuwa kigingi hakiwezi kung'olewa wala kupandwa sasa, nilimwambia akifunge kitambaa, kiwe chetu tena. Kila kimoja, ila kimoja. Kwa mkono wake, bila glovu, maana kwa glovu fundo halishiki. Akaenda ua kwa ua barabara nzima, saa sita mchana, baridi ya kukata masikio, na kijiji kizima kikimfuata nyuma kama maandamano ya Ekaristi. Bi Adélina alitoka mpaka barazani akamwambia kile cha kwake kimelegea, afunge upya. Akafunga upya.

Baba aliona kitambaa cha kwanza kutoka dirishani. Aliniuliza ni kitu gani kile chekundu kwenye kigingi cha jirani, nikamwambia ni shati lake. Akasimama peke yake, Laurier, bila fimbo. Usiku theluji nyingine ilianguka, na leo asubuhi nimewasha trekta letu, na yeye amekaa pembeni yangu amefunikwa blanketi, ananiambia nigeuze bomba la kurushia theluji kushoto, nigeuze kulia, nisipige ua wa watu kama ninachimba kaburi. Tumefungua nyua arobaini na mbili.

Ua wa arobaini na tatu ni wako. Kigingi chako ndicho pekee kisicho na kitambaa, na Maltais naye hakigusi tena. Theluji imefika kwenye kioo cha dirisha lako la jikoni. Baba aliniuliza kwa nini tumeiruka nyumba ya Laurier, nikamwambia mwenyewe hayupo, tutaifungua akikaribia kuja. Huo ni uongo wangu wa pili kwake, na ni wa mwisho. Siku ukija, uje na beleshi.

Sasa sikiliza. Baba hajui. Barua yako kwa Maltais nimeiweka kwenye kisanduku cha sproketi kuukuu, rafu ya juu, nyuma ya kopo la grisi. Ningeweza kumsomea jana, ningeweza leo, na usifikiri sikutamani. Nimekwenda mpaka mlangoni mwake nayo mkononi mara mbili. Lakini si sauti yangu inayopaswa kuisoma. Uliniambia una ruhusa ya siku kumi wakati wa Pasaka. Utakuja, utakula, kisha nitaishusha karatasi ile nikuwekee mbele yako, na wewe ndiye utakayemsomea, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi na mstari wake. Usipokuja, nitajua, na nitamsomea mimi. Ukija, jiandae: ukimaliza atakuomba urudie. Kwake kila barua husomwa mara mbili.

Sina zaidi. Jifunike kifua, na mafuta ya tapentaini usisahau kujichua. Bi Adélina anakusalimu, na Padri pia anakuulizia.

Baba yuko hapa kando yangu ninapoandika, mashavu mekundu kwa baridi ya leo, anafurahi kama ambavyo sijamwona tangu aanguke. Anakusalimu sana sana. Ananiambia niandike tena, niandike kwa herufi kubwa nikitaka, kwamba usijilaumu hata kidogo kuhusu vigingi. Mwaka ule, anasema, ardhi iliganda mapema.

Ni mimi dada yako,
Fabienne